Kikohozi

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.
Basi wewe, Kornelius, ulikohoa Januari nzima
kwenye safu ya besi, nyuma ya shingo yangu,
hadi kwaya yote ikageuka kunitazama mimi.
Ikaja kubainika ni nimonia.

Nilikuletea supu ya kabichi kwenye chupa ya chai
kwa kuwa njia yangu ilipita kwenu.
Ndivyo nilivyomwambia Bi Tina Rempel,
ambaye anaijua kila barabara ya Saskachewani hii
na anajua kwamba njia yangu haipiti kwenu.

Ulikunywa. Ukasema chumvi imezidi.
Hakuna mwanamume aliyewahi kunibembeleza
kwa kuniambia chumvi imezidi.
Nikarudi nyumbani, nyuzi arobaini chini ya sifuri,
nikicheka peke yangu garini, pumzi ikiganda kiooni.

Kabla yako alikuwepo mwingine, wa mjini.
Juma la kwanza alisema Mungu amemwonyesha mimi ndotoni.
Juma la pili, maua. La tatu, pete.
La nne nikamwuliza anaogopa nini maishani,
akanikodolea macho kana kwamba nimemsemesha Kigiriki.
Pete niliirudisha ndani ya bahasha ya benki.
Sikujua hata chai yake huitia sukari vijiko vingapi.

Wewe, vitatu. Na daktari unamwambia kimoja.
Najua ukikasirika hunyamaza, ukaenda kupasua kuni
zilizokwisha kupasuliwa.
Najua miaka sita hukusemezana na kaka yako
kwa ajili ya trekta,
na siku ulipompigia, simu ulinipa mimi nibonyeze namba
maana vidole vyako vilikataa.
Nawe unajua kwamba nikisali kwa sauti kubwa mbele za watu
mara nyingi ndipo sisali kabisa.
Hilo sikumwambia mtu mwingine. Hata mchungaji.
Hasa mchungaji.

Kila Alhamisi ulimpeleka baba yangu kusafishwa damu,
kilomita tisini kwenda, tisini kurudi,
mkibishana juu ya neema na bei ya ngano.
Akafa Machi, ardhi ikiwa jiwe.
Ulikesha na wachimba kaburi, mkakoka moto wa makaa
ili udongo ukubali kulegea.
Asubuhi ulinuka moshi. Ulikaa benchi la nyuma
pamoja na majirani, si na wafiwa.
Nilikuona.
Nilitaka usogee.

Akina mama wa kushona mablanketi huniuliza: "Bado?"
Najibu: "Ni rafiki."
"Rafiki tu?"
Hiyo "tu" yao ilinikwama kooni kama mwiba wa samaki,
kana kwamba urafiki ni ukumbi
mtu anaoupita upesi, viatu mkononi, kwenda chumbani.
Nami tangu utoto nafundishwa katika kanisa hilihili
kwamba Mungu mwenyewe alipenda kuitwa rafiki,
wala hakuongeza "tu."

Sisemi sikuchoka kungoja.
Ziko jioni nilizokulaani, wewe na adabu zako,
nikisikia gari lako likiondoka taratibu mno.

Jana ghalani tulikuwa tunakata viazi vya mbegu.
Ukasema, bila kuinua kichwa:
"Gerda, kuna jambo nataka kukuuliza,
ila hiki tulicho nacho sitaki kukipoteza."
Nikaendelea kukata.
Kila kipande kibaki na jicho, baba alinifunza,
kisicho na jicho hakioti.
"Uliza," nikasema. Kisu kilikuwa kimetulia kuliko mimi.

Ukafungua kinywa,
ukaanza kukohoa.

Ukasema ni vumbi la magunia.
Sikubisha.
Nilikwenda kukuletea maji.